Ukungu Niliousingizia

Miaka ile ya soko huria, kila kitu kilichochoka kwingine kilipata maisha ya pili kwetu: mashati, mabasi, majokofu, na mwishowe laptopu. Yangu niliachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya, siku alipofungasha virago kurudi kwao. Hapa mtaani Mafiga sikumjua mwalimu mwingine mwenye nayo, na sitasema uongo, niliona raha kuibeba begani hata siku ambazo sikuwa na kazi nayo.

Kazi ya kweli ilitoka Mlali, kijijini kwetu. Wanunuzi wa mashamba walikuwa wameanza kupitapita kule chini ya milima, na ofisi ya kijiji ikataka kila ukoo ulete mipaka yake kwa maandishi. Kwetu Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na anayeisemea ni mjomba. Mjomba wangu alikuwa mkulima wa kabichi na mzee wa kigango, na mipaka yote alikuwa nayo kichwani. Nikaenda kwake na laptopu, yeye akataja, mimi nikapiga: mashamba kumi na moja, kutoka jiwe hadi mti, kutoka mti hadi kijito. Nilimwambia kuwa zama za daftari zimepita. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutaja.

Shamba lililonigusa mimi lilikuwa la saba. Lilikuwa la marehemu mama, na sasa alililima dada yangu, mjane, na humo ndimo vilimotoka chakula na sare za watoto wake wanne. Likiandikwa vibaya, dada angebaki na jembe mkononi bila pa kulima.

Wiki mbili baadaye, orodha ikiwa bado haijachapwa, niliona mashine inajikokota, nikaamua kuipandisha daraja. Rafiki yangu alikuwa na sidii ya mfumo endeshi mpya, iliyonakiliwa sijui mara ya ngapi. Niliuweka mwenyewe, maana mtu aliyefundisha jiografia miaka kumi na tano hawezi kushindwa na kubonyeza “endelea”. Mashine ilipowaka tena, picha ilikuwa imejikunyata katikati ya skrini na weusi pande zote. Rangi zilikuwa zimechujuka kama kanga ya kudekia. Mistari ilikuwa ikikatiza kutoka kushoto kwenda kulia, na nilipoifungua orodha, maneno yalipandana, sikuweza kusoma hata jina la ukoo.

Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipiga kakofi. Mke wangu akauliza kama ugonjwa haukuanza pale nilipoweka kile kitu kipya. Nikamwomba, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuomba, asiingilie mambo ya kitaalamu.

Kihonda kulikuwa na fundi wa kompyuta niliyemfundisha tangu kidato cha kwanza. Sasa alikuwa na ndevu, mke, watoto wawili na wateja wengi, lakini aliponiona alisimama, akaniamkia, akaweka mikono nyuma. Sikumpa nafasi ya kuuliza. Nilimwambia tatizo ni unyevu: niliipeleka mashine milimani, ukungu ukaingia kwenye skrini. Nikamkumbusha na jinsi mvuke unavyopoa unapopanda Uluguru, somo ambalo kumbe alikuwa bado analikumbuka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Sawa, Mwalimu,” akasema.

Basi akaikausha. Siku ya kwanza aliianika juani chini ya kitambaa cheupe. Siku ya pili aliifungua mgongo, akaipepea. Siku ya tatu aliiwashia balbu, kama vifaranga. Kila jioni nilipitia pale, nikaiwasha, nikaikuta na mistari yake ile ile, nikamwamuru akaze kukausha. Siku ya nne nikafoka mbele ya wateja. Zilikuwa zimebaki siku tano tupeleke orodha kijijini, nilikuwa na hofu, na hofu yangu siku zote hutoka ikiwa imevaa hasira.

Fundi akangoja nimalize. Halafu akasema taratibu, kama aliyenyoosha mkono darasani, “Samahani, Mwalimu, naomba kuuliza. Uliporudi kutoka Mlali, mpaka siku ulipoweka mfumo mpya, skrini ilikuwa inaonyesha vipi?”

“Vizuri kabisa. Wiki mbili nzima.”

Nilijisikia nikiyasema hayo. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akanieleza kwa upole kwamba skrini haichori chochote mpaka ipate maelekezo ya programu ndogo iitwayo draiva, na kwamba mfumo mpya ulikuwa umeifuta ile ya zamani na kuweka isiyoelewana na mashine hii. Alihitaji sidii ndogo iliyokuja na laptopu, basi. Nikamuuliza amejua lini. Akasema siku ya kwanza.

“Sasa mbona hukusema?”

“Mwalimu alikuwa ameshasema ni unyevu.”

Darasani kwangu, aliyenisahihisha alimalizia kipindi nje.

Sidii hiyo nilikuwa nayo, au tuseme nilikuwa nimeigawa. Niliikuta kwenye mfuko wa laptopu, sikuona faida yake, nikampa dada aitundike kwenye kitalu cha mchicha shambani kwake, ing’ae na kufukuza ndege. Kesho yake nikaenda Mlali. Niliikuta inaning’inia kwenye kamba, imejaa vumbi, na ndege walishaizoea. Dada alipokuwa akiifungua aliniuliza kama shamba lake limo kwenye ile mashine. Nikamwambia limo.

Nilirudi kijitoni kunawa miguu, maji yakiwa ya baridi, ndipo nikageuka kutazama nilikotoka. Nilikuwa nimevuka kijito kulifikia shamba. Katika orodha nilikuwa nimepiga kwamba shamba la saba liko upande wa barabara na linaishia kijitoni. Upande ule wa barabara ni wa ukoo mwingine, na huku ng’ambo, aliko dada, orodha yetu haikuwa na chochote. Tangu nina miaka sita nilivuka kijito kile kumpelekea mama uji. Mjomba alipotaja upande wa barabara, vidole vyangu vilisita, nakumbuka vizuri vilivyosita. Kisha nikapiga kama alivyosema, kwa sababu mpwa hamkosoi mjomba.

Fundi aliifuta sidii kwa shati lake, akaisomesha kwa mashine mara tatu ndipo ikakubali. Picha ikajaa skrini, rangi zikarudi, mistari ikaondoka. Shamba la saba likaonekana safi kabisa, pamoja na kosa lake. Ningeweza kulirekebisha kimya kimya palepale. Lakini mwenye kuweka dole gumba kwenye karatasi ile alikuwa mjomba.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, chini kuliko kiti chake.

“Mjomba, samahani, naomba kuuliza. Nilipokuwa nampelekea mama uji shambani, nilikuwa navuka kijito au sivuki?”

Aliinuka nusu kwenye kiti, akakaa tena. Nilidhani nimemkosea.

“Ulikuwa unavuka,” akasema. “Siku ile nilifika hapo kichwa kikapotea. Siku hizi kinapotea. Nikataja upande wowote, nikakutazama, maana najua pale unapajua. Nikaona unapiga tu.”

Niliona aibu mpaka masikioni. Nikaiweka ile laptopu mapajani, nikamwomba tuanze tena na shamba la kwanza. Alikwama mara tatu. Kila alipokwama alinitazama, nami nikasema.