Sauti Iliyowekwa Pamoja na Mbegu

Kule Maparoni, katika delta ya Mto Rufiji, mbegu ya mpunga haikai ghalani. Inatiwa kikapuni, inapandishwa uchagani juu ya mafiga, inafukizwa moshi mpaka mvua zirudi. Mto ukifurika ukaingia ndani, maji hayaifikii. Panya hapapendi, na fukusi hukohoa wakaenda zao. Sikudhani alilelewa hivyo, akaolewa hivyo, na chochote alichokipenda kweli mahali pake palikuwa huko juu, kwenye masizi.

Ndiyo maana na sidii aliipandisha.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, kila kitu ruksa, redio za Kichina zinaingia delta kwa mitumbwi pamoja na mitumba na sabuni za kunukia. Mdogo wake, Mudy, aliuza kamba wa msimu mzima akanunua redio kaseti ya spika mbili. Kitu cha kwanza kukirekodi kilikuwa sauti ya mama yao, Bi Mwanamina, akiwa dunguni, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya mpunga, anaamia ndege. Bi Mwanamina hakuwa mwimbaji wa kualikwa arusini. Aliwaimbia ndege tu, waondoke. Lakini akianza, mashamba ya jirani yote yalinyamaza, na mtu aliyekuwa akipita njia alijikuta amesimama. Mwaka uliofuata akafariki. Hakuacha picha hata moja. Sauti ile kwenye kanda ndiyo ikawa mama.

Kanda ikapigwa na kupigwa, mwisho ikaanza kuvuta maneno kama mlevi. Mwaka lilipofunguliwa daraja jipya la Rufiji, Husseini, kijana wa Kibiti mwenye duka la kompyuta, akamhamishia Sikudhani sauti kwenye sidii.

"Itunze, shangazi. Isilowe, isikwaruzwe, moto usiisogelee."

"Mwanangu, natunza mbegu mwaka mzima, nitashindwa na kisahani?"

Kisahani kikalala ndani ya mpunga, kikapuni, uchagani. Chini yake ukasongwa ugali, wakakaushwa samaki, zikachemka chai za alfajiri. Moto kwa Sikudhani haukuwa karibu. Ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, na haukuwahi kumuunguzia punje.

Idi ilipofika akakitoa, akaenda nacho Kibiti kukisikiliza, maana kwake hakuna umeme wala deki. Husseini akakishika kwa vidole viwili. Kilikuwa kimebenuka, kimefifia, kinanuka samaki.

"Shangazi! Hiki umekikaanga!"

Vijana waliokuwa dukani wakaangua kicheko. Sikudhani hakucheka.

"Si imo humo kwenye mashine yako?"

"Nilishaifuta. Mashine yenyewe ndogo, ikijaa haitembei. Kanda iko wapi?"

Kanda ilikuwa nyumbani, imening'inizwa ukutani katika mfuko wa nailoni. Akashuka kuifuata. Unyevu wa mikoko ulikuwa umeshaiotesha ukungu mweupe. Akapanda nayo tena Kibiti, ameikumbatia njia nzima kama mtoto mwenye homa.

Husseini akaipangusa kwa pamba na spiriti, akaizungusha kwa kalamu ya biki, taratibu, asije akaikata. Upande wa kwanza ulikuwa umekufa. Wa pili ukaguna, ukakwaruza, halafu mama akatoka. Wimbo mmoja, kikohozi, kisha: "Mudy! Kwelea hao nyuma yako, umekaa kama gogo!"

Sikudhani akaketi sakafuni.

"Nakutolea sidii mbili," Husseini akasema, safari hii kwa upole. "Ila usiziweke nyumba moja. Nyumba ikiungua, zimekwenda zote. Unaye mtu huku juu?"

Alikuwa naye, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Mumewe, Mwinyimvua, alikuwa na miji miwili kama wanaume wengi wa huko. Mjini Kibiti, katika nyumba ya tofali na bati, alikaa bi mkubwa, Zuena. Tangu arusi ya Sikudhani, wake hawa wawili walisalimiana kwa kuwaonea haya watu.

"Hodi."

"Karibu. He! Bi mdogo? Leo mto umepanda mlima!"

"Nimekuja na shida, dada."

"Shida, nyumba hii inazijua. Kaa."

Sikudhani akaeleza yote, hata la uchagani, akamwomba amtunzie sidii moja. Zuena akaigeuza sidii, akajiona ndani yake, akaweka sawa mtandio.

"Na siku nikikasirika nikaivunja?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mume."

"Watu waliniambia mama yako alikuwa akinitukana kwenye nyimbo zake."

"Alikuwa akiwatukana ndege, dada."

"Tutajua sasa hivi."

Akaunganisha deki na betri ya gari. Sauti ikajaa chumba. Sikudhani akauona mpunga ulioiva, akausikia ule umande wa asubuhi miguuni, na Mudy bado mwembamba. Zuena alisikiliza ameinamisha kichwa, anatafuta tusi lake. Halikuwamo. Ilipofika kwenye gogo akacheka mpaka akajifuta macho.

Kisha akaifunga sidii kwenye kipande cha kitenge, akaitia katika kopo la biskuti, akalipandisha juu ya kabati la chumbani, mbali na jiko. "Huku mafuriko hatuna, ila mchwa," akasema. "Na sisi wa juu hatukaangi mama zetu."

Neno lile lilimwingia Sikudhani mpaka mfupani. Alikuwa na majibu ya kutosha, tena makali. Akayameza yote.

"Mfuniko unabana, dada?"

Zuena akamtazama. Akalishusha kopo, akamsogezea. "Bana mwenyewe."

Sikudhani akabana kwa viganja viwili mpaka bati likalia. Sidii ya pili alikuwa nayo mapajani, hajajua bado ataiweka wapi.

"Hushuki leo," Zuena akasema, tayari ameelekea jikoni. "Asubuhi nataka tena ule wimbo wa ndege."