Swala Hakudungwa Sindano

Jattani Arero alijifunza kudunga sindano kwa siku tatu tu. Ulikuwa mwaka wa ukame. Shirika moja lilikusanya wafugaji kumi na wawili katika mji mdogo wa Merti, likawafundisha kukadiria uzito wa mnyama, kupima dawa inayomtosha, na kudunga shingoni bila kugusa mshipa. Wengi waliporudi makwao waliacha. Yeye aliendelea. Kwa miaka ishirini na mbili, mbuzi aliyekohoa au ngamia aliyevimba shavu karibu na kijiji chake, Biliqo, aliletwa kwake, na watu wakamwita daktari ingawa shule aliiachia darasa la nne.

Dawa yake ilikuwa moja, ile ya njano inayouzwa kwa chupa kwenye maduka ya mifugo mjini Isiolo. Aliidunga kwa kikohozi, kwa kuhara, kwa kidonda, na wakati mwingine kwa mnyama aliyechoka tu na safari. Mvua zikiharibu barabara na chupa zikipungua, aliigawanya. Dawa ya mbuzi sita ikadungwa mbuzi ishirini. Aliyepata nafuu siku ya kwanza hakudungwa siku ya pili. Chupa tupu zilitupwa pale pale kando ya mto, mahali mifugo inaponyweshwa maji. Hakuna aliyeona ubaya, naye Jattani hakuuona.

Umulkheir alifika kwao mwezi wa Februari akiwa na gari na sanduku la barafu. Alikuwa mtafiti kutoka chuo kikuu, mzaliwa wa mjini Isiolo, na alitaka mtu anayejua nyayo.

"Salaam aleikum, mzee. Nimeambiwa unajua swala wanalala wapi."

"Aleikum salaam. Swala najua. Unataka kuwinda?"

"Nataka mavi yao."

Jattani alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona mwenzake hacheki, akaenda kuchukua fimbo yake.

Walizunguka siku tisa. Jattani alimwonyesha mahali swala granti hupumzika mchana, na vichaka ambako swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma kula majani. Walingoja mnyama aondoke, wakachukua kinyesi kikiwa bado na joto, wakakitia kwenye chupa ndogo. Jioni walichukua cha mbuzi na kondoo katika maboma. Alieleza mambo mengi ambayo Umulkheir hakuyajua: kwamba kiangazi swala huja mtoni punde mifugo inapoondoka, hunywa kwenye madimbwi yale yale, na hulamba udongo wa chumvi pale mbuzi walipolala. Umulkheir aliandika yote.

Alirudi mwezi wa Juni na majibu. Walikaa kivulini mwa nyumba, na Sadiya, mke wa Jattani, akawaletea chai. Umulkheir akafungua picha kwenye simu. Ilikuwa ya kisahani cha maabara kilichofunikwa na utando wa kijivu, na juu yake vipande vidogo vya karatasi, vya mviringo kama vifungo.

"Huu utando ni bakteria kutoka kwa kinyesi. Kila karatasi ina dawa yake," alisema. "Dawa ikiwaua, unaona duara safi kuzunguka karatasi. Hii ina duara. Hii pia. Sasa angalia hii."

Karatasi ya tatu haikuwa na duara. Bakteria walikuwa wamejaa mpaka ukingoni mwake.

"Hiyo ni dawa gani?"

"Ile ya njano."

"Na hii ni mavi ya mbuzi ya nani?"

"Si mbuzi, mzee. Ni swala granti."

Jattani alishika simu, akaileta karibu na macho.

"Swala alidungwa na nani?"

"Hakudungwa. Hao bakteria hawamuumizi hata. Wanakaa tumboni tu. Wameshajifunza kuishi na dawa mahali pengine, wakamfikia kwa maji au kwa majani. Sasa yeye anatembea nao. Kesho anawaacha mahali pengine, mbuzi anakula hapo, mtoto anacheza hapo. Siku wakiingia kwa kidonda ama kwa damu, hiyo dawa haitasaidia."

"Wamejifunzia wapi?"

Umulkheir alisema hilo haliwezi kujulikana kwa hakika. Mifugo hutembea mbali, na mto unatoka mbali zaidi. Alisema ukweli. Lakini Jattani alijua kwamba upande ule wote, kwa miaka ishirini na mbili, mwenye sindano alikuwa mmoja. Hakumaliza chai yake.

Siku chache baadaye aliokota chupa kandokando ya mto akajaza magunia mawili, akachimba shimo mbali na maji, akazifukia. Watu walipomuuliza aliwaambia alichokiona kwenye simu, na kwamba kosa lilikuwa lake. Baadhi walidhani anaumwa.

Mwezi wa Septemba ugonjwa wa mapafu, ambao Waborana huuita sombesa, uliingia katika mbuzi wa Kotile, kaka yake Sadiya. Mbuzi ishirini na watatu walikuwa wanakohoa. Kotile alileta chupa moja.

"Dunga wote, shemeji. Kila moja kidogo kidogo."

"Hii inatosha sita. Nitadunga sita, dawa kamili. Hawa wengine tuwatenge. Nimepigia daktari wa mifugo wa Merti."

"Daktari wa Merti atakuja lini?"

"Amesema siku nne."

"Siku nne mbuzi watakuwa wamekwisha! Miaka yote umegawanya, sasa ni mbuzi yangu ndiyo unakumbuka masomo?"

"Nilikuwa nakosea, Kotile."

Kotile alichukua chupa yake. Aliazima sindano kwa mfugaji wa boma la mbali na kudunga wote ishirini na watatu, kidogo kidogo. Daktari alifika siku ya sita. Kufikia hapo mbuzi kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Daktari alitibu waliobaki kwa dawa nyingine, akachanja mifugo ya maboma ya karibu, akaondoka.

Kama Jattani angedunga yeye mwenyewe, huenda wangekufa wengi vile vile, huenda wachache. Hakuna aliyeweza kusema. Sadiya hakuwa na haja ya kupima hayo. Alikuwa amewaona watoto wa kaka yake wakikosa maziwa. Kwa wiki tatu alimpa mumewe chakula bila kumsemesha. Jattani alikula bila kujitetea. Alipeleka mbuzi wawili kwa Kotile, mmoja wa maziwa na mmoja mweupe mwenye mimba, akawaacha kwenye lango la boma, kwa sababu Kotile hakutoka nje kumpokea.

Watu walipungua kuja kwake. Waliotaka kugawanyiwa dawa walikwenda kwingine. Waliobaki walikuwa wachache, nao aliwaambia kila mara: kamili, siku zote alizotaja daktari, ama tusianze.

Mvua za Novemba zilinyesha vizuri. Chanjo ya pili ilipoletwa, daktari wa Merti alihitaji mtu wa kukamata na kushika mbuzi, akamwita Jattani. Boma la Kotile lilikuwa la nne. Kotile alifungua lango mwenyewe.

"Ile mbuzi nyeupe yako imezaa," alisema.

"Ya kike?"

"Mbili. Moja kike."

Wakaanza kushika.

Februari iliyofuata Umulkheir alikuja na sanduku lake, wakazunguka tena siku tisa. Majibu hayakubadilika sana. Swala wa Biliqo bado walikuwa na bakteria wale wale. Umulkheir alieleza kwamba jambo hili linaweza kuchukua miaka mingi, na pengine lisibadilike kabisa.

"Basi mwaka ujao uje Machi," Jattani alisema. "Mvua zikinyesha vizuri, Februari bado wanakuwa mbali sana na mto, tunachoka bure."

Umulkheir akaandika: Machi.