Mita Brussels, Gari Flandre

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti la kampuni ya mafundi umeme lililonifika magotini na glavu za mpira. Mkuu wa karakana akanitazama juu hadi chini, akaniambia kwa Kiswahili, "Bon, hapa hakuna haraka. Pima kwanza, shika nyuma." Nyuma kwake ni baadaye. Nusura niangushe glavu. Mimi mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, sikutegemea Mzungu wa Brussels anisemeshe hivyo. Kumbe alizaliwa Lubumbashi, baba yake fundi wa reli. Sote tulimwita Chef.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo mnaikuta tayari ni kazi ya magari. Sisi tulianza na nyumba. Nilipangiwa Ixelles kwanza, kwenye saluni za Matonge, mtaa wa Waafrika, ambako kina mama waliwasha mashine zote za kukaushia nywele kwa pamoja, kisha wakashangaa dijonkta, kile kifaa kinachokata umeme unapozidi, kuanguka kila saa. Baadaye nikahamishiwa kikosi cha nguzo za kuchajia magari barabarani, upande wa Flagey. Mwisho nikapelekwa Laeken, kaskazini mwa mji, kufunga chaja za ukutani majumbani, na huko ndiko nilikochanganyikiwa, wala sijapona hadi leo.

Umeme haukunisumbua. Kilichonisumbua ni sheria. Nchi hii ndogo ina serikali ya Brussels, ya Flandre na ya Wallonie, na juu yao ipo ya nchi nzima, na kila moja ina lake kuhusu gari la umeme. Ruzuku iko huku, kule haipo. Ukishaizoea, inafutwa kabla ya muda wake. Brussels nayo ikasema dizeli za zamani zisiingie mjini, halafu ikasogeza tarehe mbele, watu wakashusha pumzi, halafu mahakama ikasema kusogeza huko hakufai. Asubuhi nilimweleza mteja sheria kwa kujiamini, jioni naona haya hata kumpigia simu.

Basi katikati ya vurugu hiyo nikatumwa kwa Maman Furaha, mama wa Bukavu aliyekuwa akizunguka Laeken kuwahudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwafunga bandeji, kuwapa dawa. Dizeli yake ilikuwa karibu kupigwa marufuku. Alikuwa amekwisha kununua gari la umeme lililotumika, na mwajiri wake alimwambia wazi kwamba asipokuwa na gari linaloruhusiwa, wazee wake watapewa mtu mwingine. Alihitaji chaja, tena upesi.

Nyumba yake ilikuwa ukingoni kabisa mwa Laeken, na mpaka ulikatiza bustani yake. Nyumba yenyewe, na mita ya umeme ndani yake, ilikuwa Brussels. Gereji, huko nyuma ya bustani, ilikuwa Flandre.

"Tonton, mi sielewe," aliniambia, akiniita mjomba kwa Kifaransa chake. "Mi nalala Bruxelles, gari inalala Flandre. Donc sheria yangu ni ya nani?"

Nilipiga simu ofisi ya Brussels. Wakasema chaja itakuwa Flandre, niulize huko. Nikapiga Flandre, kwa Kiholanzi changu cha kuokoteza. Wakasema mita iko Brussels, niulize huko. Nikarudia wiki iliyofuata, nikajibiwa yale yale na sauti nyingine.

Sasa sisi mafundi tulikuwa na desturi: hutoboi ukuta kabla mteja hajajua ataomba ruzuku wapi, maana baadhi ya ofisi zilikataa ombi kazi ikishaanza. Kwa hiyo drili ikabaki sandukuni, nami nikabaki nimesimama kwenye bustani ya watu, mguu mmoja kila upande, nikinywa chai ya Maman Furaha na kumwomba awe na subira. Niliona aibu kubwa. Tarehe ilikuwa inakaribia naye alikwisha kuacha kunitania.

Chef alikuja mwenyewe. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akanisikiliza.

"Hawa banasema si yao?"

"Ndiyo, Chef."

"Na bale?"

"Si yao pia."

"Alors, nani anakataza?"

Nikazihesabu ofisi kwa vidole. "Hakuna."

"Basi toboa, bwana!"

"Na ruzuku?"

Hapo akamgeukia mwenye nyumba. Maman Furaha akatikisa kichwa. "Chef, mi sitake zawadi. Nataka kufika kwa bazee bangu."

Tukachimba bustani, tukalaza waya ndani ya bomba, nikafunga chaja gerejini. Ikabaki ukaguzi, kwa kuwa chaja haiwashwi kabla mkaguzi hajaipitisha. Nilimngoja nikijua ataniuliza ni upande gani. Akapima waya wa ardhi, akabonyeza kitufe cha majaribio, dijonkta ikaanguka kama inavyotakiwa, akatia sahihi. Sikuweza kujizuia, nikamuuliza mbona hakuulizia mpaka. Akanishangaa. Kanuni za nyaya, alisema, ni zile zile Ubelgiji nzima.

Nilicheka, lakini kwa hasira, nikikumbuka wiki zote nilizosimama bustanini.

Nimestaafu sasa. Kupiga magoti kwenye gereji za watu kumeniachia goti la kulia lililokatika mshipa na kushonwa, na bandeji ya kubadilishwa kila asubuhi. Gari la anayekuja kuibadilisha halina mngurumo, nasikia lango tu. Leo Maman Furaha aliingia akiwa bado anavua koti.

"Tonton, banabadilisha sheria tena. Umesikia?"

"Sheria ipi?"

"Hata mimi sijue."

"Gari lilichaji usiku?"

"Ilichaji."

Basi, nikamnyooshea mguu.