Boti Aliyoichagua Borghild

Gunnvor, mpishi wa shule kwenye kisiwa kimoja cha Norwei, alifika gatini Jumamosi asubuhi na mumewe Sjur, kuchagua boti ya familia. Walimleta pia mama yake Sjur, Borghild, ambaye kwa miaka minne magoti yalimzuia kupanda boti yoyote.

Sjur alishaipenda ile nyekundu yenye kibanda na injini kubwa.

"Hii inapaa!" alisema, macho yakimng'aa.

"Inapaa na nani? Mama tutampandisha kwa kamba?" Gunnvor akamtania.

Ya pili ilikuwa ya alumini, wazi, haina urembo wowote. Muuzaji akaisogeza ufukweni, akashusha mlango wake wa mbele ukalala juu ya mawe. Kabla hajamaliza kueleza, Borghild alikuwa ameshaingia kwa miguu yake mwenyewe, mkongojo mkononi, akaketi.

"Mnangoja nini, wanangu? Washeni!"

Kwenye ghuba mawimbi yaliwarushia maji usoni, naye bibi akawa anapiga vigelegele.

"Ongeza moto, Sjur!"

Sjur akaongeza, akicheka mpaka machozi. Hakuiulizia tena ile nyekundu. Mchana huohuo walikuwa wakimenya kamba wa baharini waliochemshwa kwenye kisiwa alichozaliwa Borghild.