Ufa Uliotoka Upande wa Dirisha

Udongo mbichi wa kufinyangia una harufu ambayo sijaikuta kwingine: ni kama mvua iliyofungiwa chumbani, ikachanganyika na moshi wa makaa na jasho la watu watano. Hiyo ndiyo harufu ya Kariobangi ya utoto wangu, mtaa ulipokuwa mpya na mtaa wa jirani wa Umoja haujajengwa. Tuliishi katika ploti ya vyumba vinane vilivyouzunguka ua mmoja, wenye bomba moja na choo kimoja. Baba alikuwa kibarua kiwandani. Mama, ambaye kwa Kibukusu tulimwita Mayi, alikuwa mfinyanzi, na alipomfuata mumewe mjini hakuuacha ufundi wake kwao magharibi mwa Kenya. Mjomba alimletea magunia ya udongo juu ya basi, makondakta wakimcheka kwamba anahamisha shamba. Mayi hakujali. Alisema udongo wa Nairobi haumjui. Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni, nami ni shahidi: mitungi mizuri ilikwenda kwa watu, sisi tukalia sahani za bati zilizobanduka rangi.

Mayi alikuwa na kijikamba cha nyasi zilizosukwa, urefu wa kidole, alichokiviringisha kwenye shingo ya mtungi ungali mbichi, kikaacha safu ya vidoa kama mbegu za mtama. Chini ya safu hiyo alichora kwa mwiba mistari mitatu iliyoinama. Mistari hiyo aliirithi kwa mama yake. Alisema kwamba ilianza kwa bibi wa bibi yake, lakini hilo sina ushahidi nalo, kwa hiyo naliacha. Nililolishuhudia ni kwamba aliweza kuvisoma vyombo kama mwalimu asomavyo daftari. Siku moja, nikitaka kumkamata akikosea, nilimletea kigae nilichokiokota sokoni. Alikipapasa kwa kidole gumba, akasema kilifinyangwa na mwanamke wa upande wa ziwa anayetumia mkono wa kushoto. Nilirudi sokoni nikamwuliza mwenye vyungu. Aliyekifinyanga alikuwa mke wa mjomba wake, mwenye mashoto, kutoka upande uleule. Tangu siku hiyo nilijua kwamba mkono wa mtu hubaki katika kazi yake hata asipotaka.

Masika ya mwaka niliotimiza miaka kumi, Mayi aliagizwa mitungi mitatu mikubwa. Binti wa watu wa kwetu alikuwa anaolewa, na mama yake hakutaka aingie kwa mumewe bila mtungi wa nyumbani. Ilikuwa kazi ya kwanza kubwa ya Mayi mjini. Ikifaulu, watu wa kwetu wote wangemjua. Mtungi mbichi hutakiwa kukauka polepole, pande zote kwa pamoja. Upepo ukiupiga upande mmoja, upande huo hujikaza kabla ya mwenzake, na chombo hupasuka. Pamoja na elimu hiyo kulikuwa na mwiko: mwanamke mjamzito hakaribii chombo kisichochomwa. Mayi aliyafuata yote mawili bila kuyatenganisha. Shule zilikuwa zimefungwa, basi nikawekwa kuwa mlinzi. Kila asubuhi aliwapeleka wadogo zangu kwa shangazi, akanifungia ndani kwa kufuli la nje ili watoto na kuku wa ploti wasiingie, kisha akaenda kuuza mboga sokoni.

"Usiguse dirisha, Wekesa. Hata kidogo."

"Nimesikia, Mayi."

Nilikaa humo siku nne. Chumba kilikuwa cha hatua tano kwa nne, na mitungi ilichukua sehemu kubwa ya sakafu, imefunikwa magunia mabichi kama wagonjwa. Nilikuwa nayahesabu mabati ya paa, nikifika ukutani naanza upya. Nje niliwasikia wenzangu wakicheza mpira wa matambara, wakiitana, wakigombania bao, na kila jina nililolisikia lilikuwa la mtu aliye huru. Siku ya tano mvua ilikatika, jua likawaka, na mpira ukaja kugonga ukuta wetu. Nilivuta komeo la dirisha. Sikukusudia kufungua zaidi ya upana wa kiganja. Nilifungua lote, na nikaliacha wazi mpaka mchezo ulipokwisha.

Wakati huo ndipo alipopita Mama Saumu, jirani yetu wa chumba cha tatu, mwanamke wa Pwani ambaye mumewe aliendesha lori na kuonekana nyumbani kwa nadra. Alikuwa na mimba kubwa na kikapu cha mahamri ya kuuza. Alisimama chini ya dirisha akacheka.

"Mwanangu, umefungiwa kama kuku wa Idi?"

"Nalinda mitungi."

"Kwani ina miguu, itatoroka?" Alinipa mahamri mawili ya moto, akaenda zake. Nilikula, nikafunga dirisha, nikarudisha magunia yaliyofunuliwa na upepo kama yalivyokuwa.

Jioni Mayi alifunua mtungi mkubwa kuliko yote na kukuta ufa kutoka mdomoni hadi kwenye tumbo, kidole kingeweza kuingia. Hakupiga kelele, alikaa chini tu. Aliyepiga kelele ni Mama Nekesa, jirani wa kwetu, na kabla ugali haujaiva ua wote ulikuwa na habari kamili: mwanamke wa Pwani amekuja na tumbo lake mlangoni, ameingia, ameviruka vyombo. Niliwasikiliza mmoja mmoja. Mama Nekesa aliambiwa na muuza maji, muuza maji aliambiwa na mtoto, na mtoto alisema kwamba aliona kikapu. Hakuna aliyemwona akiingia, kwa sababu mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Mayi. Hakuna aliyeliuliza hilo. Watu hupenda kusema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Methali hiyo sijaipenda tena.

Mama Saumu aliitwa uani mbele ya mwenye ploti, bibi Mkikuyu tuliyemwita Cucu, ambaye miiko ya Wabukusu haikumhusu.

"Ulipita hapo ama hukupita?" akauliza Cucu.

Mama Saumu alinitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya gauni la Mayi, midomo ingali na mafuta. Angeweza kusema neno moja, dirisha, na kesi ingekwisha. Lakini alijua fimbo ya baba, kwa kuwa ukuta wa ploti ile haukuficha kitu.

"Nilipita," akasema. "Nikamsalimu mtoto."

"Si mmesikia? Amekubali kwa mdomo wake!" akapaza sauti Mama Nekesa.

"Mimi sitaki maneno kwa ploti yangu," akasema Cucu. "Mwezi ukiisha, tafuta nyumba."

Nilingoja Mayi aseme. Tulipoingia ndani aliinama juu ya mtungi, akaufuata ule ufa kwa kidole gumba, polepole, kama alivyokipapasa kile kigae. Kisha akainua macho: kwanza dirishani, halafu kwangu. Alikuwa ameshasoma.

"Mayi..."

"Nyamaza," akasema. "Maneno yameshasemwa."

Sikusema, na yeye hakusema. Kama angemtetea yule mama, angenikabidhi kwa fimbo na angekiri mbele ya ua kwamba mtungi wake uliharibiwa na mwanawe. Tukafungiwa sote wawili katika kimya kimoja, na safari hii hapakuwa na kufuli la kulaumu. Mwezi ulipoisha Mama Saumu aliondoka na mkokoteni kuelekea mtaa wa Majengo, godoro limefunikwa turubai, yeye akitembea nyuma ameshika kiuno. Mayi alifinyanga mtungi mwingine, akaichoma yote mitatu kando ya mto, ikatoka myekundu na yenye mlio safi. Bibi harusi alifurahi. Lakini nilipoitazama shingo ya ule mpya niliona vidoa vya mtama pekee. Ile mistari mitatu hakuichora. Nilipomwuliza, alisema mkono umechoka. Hakuichora tena mpaka alipofariki.

Leo naishi Umoja, ghorofa ya nne. Wajukuu huniletea habari za simu, huyu kafanya hivi, yule kasema vile, nami huwauliza swali moja: nani aliona? Hunicheka kwamba Babu anafanya sebule kuwa korti. Nilipokuwa mtu mzima nilimtafuta Mama Saumu Majengo. Nilipewa habari tatu tofauti, na sikuiamini hata moja. Juzi mjukuu wangu wa kike, mwenye umri niliokuwa nao wakati ule, alinigeuzia kibao: "Na wewe Babu, uliwahi kuona nini?" Nilimsimulia yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

"Si ungesema tu?" akaniuliza.

Nilimwambia kwamba niliogopa fimbo. Alinitazama, akangoja niendelee.