Chatu Juu ya Sakafu ya Moto

Bang Seok-ju, fundi viatu wa Jeonju, alifuga chatu mdogo ndani ya sanduku la kioo lililowekwa sakafuni. Upande mmoja ulikuwa na taa ya joto, mwingine aliuacha uwe na ubaridi, ili nyoka ajichagulie. Baridi ilipokaza, mama mkwe wake, Bi Pyo, alikuja kukaa naye na mkewe. Magoti yakimuuma, akaongeza moto unaopitishwa chini ya sakafu kupasha nyumba joto.

Jioni Seok-ju alimkuta chatu amejikunja kwenye bakuli la maji, mdomo wazi. Hata upande wa ubaridi ulifika nyuzi thelathini na sita.

"Mama, umeongeza moto?"

"Ndiyo. Si wanapenda joto hawa?"

"Wanapenda, mama, ila lazima wapate pa kulikimbia."

Akazima taa, akaliinua sanduku mezani. Bi Pyo, ambaye hakuwahi hata kumsogelea yule nyoka, alisimama pale mpaka chatu akafumba mdomo na kuanza kutambaa.

"Nusura nimuue kiumbe wa watu," alisema kwa unyonge.

Siku hizi yeye ndiye anayeangalia kipimajoto kila asubuhi, kisha humpigia mkwewe simu dukani: "Mwanao hajambo, ishirini na saba. Wewe shona viatu!"