Fundi Aliyesoma Midomo

Mtaa mzima ulijua kwamba ukitaka kumteta mtu, usimtete mahali Fundi anapokuona. Homa ilimziba masikio angali mtoto wa darasa la pili. Sauti ikabaki, na macho yakabeba kazi ya viungo viwili. Alikaa barazani kwake, mguu ukikanyaga cherehani, kichwa kimeinama, watu wakadhani hayupo. Kumbe yupo mpaka ng'ambo ya barabara. Siku moja mteja alijigeuza mbele ya kioo, akamnong'oneza shoga yake kwamba gauni lile lingefaa kuwa turubai la harusi. Fundi akatoa pini mdomoni, akajibu kwa ile sauti yake kubwa asiyoweza kuipima, "Turubai umeleta wewe, mama. Mimi nimesimamisha nguzo tu." Wakacheka wote watatu hadi gauni likafumuka ubavuni.

"Wenzangu wana wake," mumewe, mchomelea mageti, alizoea kulalamika, "mimi nina darubini."

Basi akaanza kuja mteja mmoja mwenye suruali za kupunguza kiuno. Fundi alimwita Bwana Suti. Alikuwa mpole, mwingi wa salamu, si mtu wa kuombaomba punguzo. Siku moja alimpa mgongo, akasema jambo huku akijitazama kwenye kioo. Fundi akamjibu. Bwana Suti akaenda kusimama ndani ya duka la jirani, nyuma ya kioo cha dirisha, akasema jingine. Fundi akamjibu hilo nalo, akidhani ni mchezo.

"Watu kama wewe ni wa kutafuta kwa tochi," Bwana Suti alimwambia aliporudi. "Sasa hivi kuna kamera kila kona. Zinaona, lakini hazisikii. Mjini kuna wezi, kuna watu wanaoiba watoto wa wenzao. Tusaidie."

Si njaa iliyompeleka. Tangu amalize shule, kila ofisi aliyobisha hodi ilimtazama masikio, ikamfungia mlango kwa upole. Huyu alikuwa wa kwanza kumtazama macho.

Kazi ilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye kibao cha Takwimu za Usafiri. Kilikuwa chumba cha skrini, baridi ya kiyoyozi, na mapazia yaliyoshonwa ovyo, upindo mmoja juu na mwingine chini. Pembeni yake alikaa karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyechapa kila alichosema Fundi. Picha ya mtu ilitokea, midomo ikacheza, naye Fundi akayatamka maneno ya mtu yule kana kwamba ni yake. Alikatazwa kumwambia yeyote, hata mume. Nyumbani akasema anahesabu magari.

Mwanzoni walikuwa wezi wa mifukoni wa kituo cha mabasi. Aliwasoma wakigawana watu wa kuibia, na wakakamatwa. Fundi akatembea siku kadhaa kifua mbele, akitamani kumwambia mtu.

Halafu wezi wakaisha, au pengine kamera ziliacha kuwatafuta. Wakaja kina mama kwenye foleni ya maji. Wakaja wanafunzi. Akaja muuza magazeti wa kona ya posta, mzee mwenye kofia ya sufu, akimwambia mnunuzi, "Hawa wameshiba mpaka sisi wanatuona makombo." Fundi alicheka kidogo alipolitamka, maana lilikuwa limesemwa vizuri. Karani hakucheka. Alichapa.

Wiki iliyofuata kona ile ilirudi kwenye skrini. Meza ya magazeti ilikuwepo, na juu yake amekaa askari, anakula karanga.

"Yule mzee yuko wapi?" Fundi alimuuliza Bwana Suti.

"Mdomo uliponza kichwa," alijibu. "Methali si yangu. Tuendelee."

Siri haina kufuli. Haukupita muda, mji ukajua kwamba kamera zimeota masikio. Madereva wa teksi walianza kuongea viganja vikiwa midomoni. Sokoni wakatumia ncha za kanga, magazeti, hata mafungu ya mchicha. Likatoka tangazo kwamba anayeficha mdomo hadharani ana lake jambo. Watu wakajifunza kuongea wakiwa wameelekea ukutani. Ukipita barabarani ungedhani mji mzima umeadhibiwa na mwalimu.

Na ugonjwa huo haukubaki nje. Jioni moja, wakiwa mezani, mumewe alisimulia jambo huku mkono umefunika mdomo. Fundi alisubiri autoe. Hakuutoa. Aliposhtuka alisema, "Samahani mke wangu, mazoea tu." Kesho yake akarudia. Wateja nao wakawa wanaonyesha kwa vidole: fupisha hapa, bana hapa, na baada ya hapo wanatazama sakafu. Fundi alikuwa amezoea kutosikia. Kutoambiwa kitu hakuwahi kukuonja, na sasa kulimwingia mwilini kama baridi ya kile chumba.

Alikwenda kuomba kuacha kazi. Bwana Suti alimsikiliza vizuri, akamtengenezea kiti. "Huku watu hawaachi," alisema. "Wanapumzishwa."

Siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana, ilitokea picha ya geti la hospitali. Wauguzi wawili walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta. Mmoja alikuwa na mwanya na bega la kushoto lililoshuka kidogo, na Fundi alimtambua kabla picha haijatulia. Alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Hakuwa amefunika mdomo. Alikuwa na hasira mno hata akasahau.

"Yule kijana aliyeletwa na askari hakuanguka ngazini," alikuwa akisema. "Nimemwosha kwa mikono yangu, nimeuona mgongo wake. Mama yake akija, mimi nitamwambia."

Karani alisubiri, vidole juu ya mashine.

"Anasema mtoto anaota meno," Fundi alitamka. "Anasema usiku kucha hakulala."

Karani alimtazama juu ya miwani yake. Kisha akachapa hivyohivyo, kuhusu meno.

Asubuhi yake Bwana Suti aliwasha picha ileile. Safari hii maneno yalijiandika yenyewe chini ya skrini, moja baada ya jingine, kadiri midomo ya mdogo wake ilivyocheza: ngazi, mgongo, mama yake. Fundi alitafuta nani anachapa. Karani alikuwa amekunja mikono mapajani.

"Ni mashine," Bwana Suti alisema, bila ukali wowote. "Kila ulichokisoma hapa, ilikuwa inakaa darasani kwako. Mwanafunzi amempita mwalimu. Sasa unaweza kupumzika, kama ulivyoomba."

Fundi hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wake, akamkuta anapiga pasi sare ya kazini, shemeji anamenya viazi.

"Ondoka," alimwambia. "Wanajua ulichokisema getini kuhusu yule kijana."

"Nani kakwambia nilisema?"

"Nimekusoma."

"Wapi, dada? Wewe hukuwepo."

Mdogo wake aliisimamisha pasi. Ilimchukua muda, na Fundi aliona usoni kwake jinsi mambo yalivyojipanga, moja likivuta jingine.

"Magari," alisema mdogo mtu. "Ulisema unahesabu magari." Halafu, "Na yule mzee wa magazeti?"

"Nilidhani wanatafuta wezi. Mwanzoni walitafuta wezi."

Mdogo wake aliinua mkono, akaufunika mdomo, akamgeukia mumewe, akasema maneno mengi. Haikuwa mazoea. Fundi aliona tu macho ya shemeji yakipanuka, na kisu kikiwekwa chini taratibu.

"Niambieni na mimi."

Mdogo wake alikuja akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, viganja vyenye joto la pasi, akasema polepole, mdomo wazi, "Dada, hili usilijue. Usilolijua hawatalitoa kwako."

Kesho yake nyumba ya mdogo wake ilikuwa na kufuli. Hospitali walisema hajaripoti kazini. Fundi alimweleza mumewe yote, tangu ile suruali ya kwanza. Mumewe alisikiliza, akanawa uso, akaenda kukaa kwa kaka yake, akisema ni kwa siku chache.

Ndipo Bwana Suti akaja barazani, mikono mitupu, bila suruali ya kupunguza. Aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Sijui," alisema Fundi, na ulikuwa ukweli mtupu.

Bwana Suti alitoa simu mfukoni, akaielekeza usoni kwake, karibu, kama mtu anayempiga picha ya kitambulisho. Alikuwa hamtazami Fundi tena. Alitazama midomo yake kwenye kile kioo kidogo.

"Rudia," alisema. "Taratibu, ikuone vizuri. Na mumeo, huwa anasema nini kuhusu sisi?"

Fundi akafumba mdomo, akauma meno. Ng'ambo ya barabara majirani waligeukia kuta zao. Bwana Suti akasogeza kiti mbele kidogo, akaegemeza kiwiko juu ya cherehani, simu ikiwa imetulia mkononi, akasubiri.